Gurudumu la Kushoto

Saa mbili asubuhi Sechelela anarudi kutoka wodini,
viatu mkononi, macho mekundu
kama aliyekesha akipuliza kuni mbichi.
Haniamkii. Ananikabidhi mtoto kama zamu:
"Ameshanyonya. Mimi sipo."
Mlango wa chumba unafungwa taratibu,
na nyumba nzima inaanza kunong'ona.

Basi tunatoka, mimi na Nyemo wa miezi saba,
na kigari tulichokipata mnadani Msalato
kati ya mbuzi na mabeseni.
Muuzaji aliapa kimetoka Ulaya.
Ulaya ipi hakusema, ila gurudumu la kushoto
lilikuja likilia nwii, nwii,
kama kifaranga kilichokanyagwa mguu.

Kutoka Makole hadi bustani ya Chinangali
kuna mashimo matatu na mtaro mmoja.
Mashimo nimeyapa majina: Kodi, Deni, na Shemeji.
Mtaroni nambeba na kigari chake, mzimamzima,
nikivuka kwa hatua za mbuni.

"We baba!" mama wa vitumbua hanikosi hata siku moja.
"Mtoto wa watu unamsukuma kama saruji?
Mgongo wako uko wapi?"
Mgongo wangu, mama, nimeuacha kwenye mageti ya wenye nyumba,
nimeuinamisha juu ya cheche miaka tisa.
Lakini namwambia tu, "Nipe viwili, vya moto."

Upepo wa Julai hapa kwetu haubishi hodi.
Serikali ilihamia, saruji ikaifuata;
vumbi lilikuwepo, likasogea kidogo, likawapisha,
kisha likarudi kukaa palepale.
Namfunika Nyemo kwa khanga ya mama yake,
ile iliyoandikwa NIACHENI NIPUMUE.

Getini, Chilongola mlinzi anainua rungu: "Mbukwa, mzazi!"
Kwangu hilo ni kama cheti.
Ndani, leo ni siku ya mgao,
kijana wa bustani anashika mpira wa maji kwa mikono miwili
kama anayeshika ndama asiyezoea kamba.
Tone moja linatua kwenye kidole cha Nyemo.
Anakitazama. Ananitazama.
Anakitazama tena.
Sijui neno la kumwambia.
Nasema, "Maji."
Nasema tena, polepole, na mimi nikilisikia upya.

Tunapita kwenye mijohoro, tunapita kwa mpiga picha,
tunapita kwa wanafunzi wawili wanaojifanya wanasoma.
Nwii, nwii. Mzunguko wa tatu, kope zinalegea.
Mzunguko wa nne, hayupo duniani.

Jumapili nikaona aibu.
Fundi wa chuma gani anasukuma chuma kinacholia?
Nikafungua gurudumu, nikatia bearingi ya baiskeli,
grisi kidogo, nikakaza, nikapuliza, nikajisifu.
Jumatatu kigari kikaenda kimya kama mwizi.

Nyemo akalia.
Akalia Kodi, akalia Deni, akalia Shemeji,
akalia bustani nzima mpaka njiwa wakahama.
Akina mama wakanizunguka kama kikao cha bajeti:
ni meno; ni tumbo; ni jicho la mtu;
ni huo mgongo tuliokwambia.
Nikampa chupa, akaisukuma. Nikampa funguo, akazitupa.

Ndipo nikainama, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia,
nikafumbua mdomo:
nwii.
Akanyamaza, chozi likiwa nusu shavu.
Nwii, nwii.
Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyefika kwake.

Sasa naenda hivyo, mwanaume mzima, ndevu na ovaroli,
nalia kama gurudumu katikati ya mji mkuu.
"Fundi," Chilongola ananiuliza,
"kigari kimepona, umeugua wewe?"
Namwonyesha kidole mdomoni.

Saa tatu na dakika kumi.
Kule Makole pazia bado limeshuka,
na mwanamke aliyeshika mikono ya wagonjwa usiku kucha
hajageuka ubavu wa pili.
Mzunguko mmoja zaidi, Nyemo.
Nwii.
Koo limekauka.
Nwii.